Mashoga na Wasagaji wa London Kabla ya 1967: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wageni kutoka nyumbani wakifika London huniomba niwatembeze Soho. Tukikatiza Old Compton Street, ambako siku hizi bendera za upinde wa mvua zinaning'inia juu ya milango ya baa, maswali huanza, na kwa miaka yote yamekuwa yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja ili nipumzishe koo. Ukikuta "tazama swali la 6", ujue jibu liko huko na sikutaka kulirudia.

## Msingi

1. Tunazungumzia mahali gani, na miaka ipi?

London, hasa kuanzia miaka ya 1920 hadi tarehe 27 Julai 1967, siku sheria mpya ya makosa ya kujamiiana ilipopata idhini ya Malkia. Sheria hiyo ilihusu England na Wales tu. Scotland ilibadilisha yake mwaka 1980, na Ireland ya Kaskazini mwaka 1982, tena baada ya Jeff Dudgeon wa Belfast kuishinda serikali ya Uingereza mwaka 1981 kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kwa hiyo mtu akikwambia "Uingereza ilihalalisha 1967", mwulize ni Uingereza ya upande gani.

2. Sheria yenyewe ilikataza nini?

Zilikuwa mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya mwaka 1533, enzi za Mfalme Henry VIII, iliyofanya ulawiti kuwa kosa la kunyongwa. Wa mwisho kunyongwa walikuwa James Pratt na John Smith, nje ya gereza la Newgate, tarehe 27 Novemba 1835. Mwaka 1861 kitanzi kiliondolewa, kikaja kifungo cha kuanzia miaka 10 hadi maisha.

Ya pili ndiyo iliyowatesa wengi zaidi. Mwaka 1885 Bunge lilikuwa linajadili mswada wa kuwalinda wasichana, mbunge Henry Labouchere akapachika humo kifungu kuhusu "uchafu uliokithiri" baina ya wanaume, uwe wa hadharani au wa faraghani, adhabu hadi miaka 2 na kazi ngumu. Uchafu huo ni upi? Kifungu hakikusema. Hapakuhitajika kuthibitisha ulawiti. Barua ya mapenzi ikikutwa kwenye droo ilitosha kumpa mwendesha mashtaka pa kuanzia. Mwandishi Oscar Wilde alifungwa kwa kifungu hiki mwaka 1895, akapewa miaka yote miwili.

3. Je, ilikuwa kosa "kuwa" shoga?

Hapana. Kosa lilikuwa tendo, au kumtongoza mwanaume mwenzako hadharani. Lakini kwa kuwa tendo hufanyika wawili tu wakiwapo, polisi walitafuta dalili, na dalili zilikuwa mtu mwenyewe: anavyotembea, anavyovaa, anakaa na nani. Tazama swali la 10.

4. Mbona unatumia neno "shoga"? Kwetu Pwani shoga ni rafiki yangu wa kike.

Najua, na bibi yangu angenishangaa. Nalitumia kwa sababu ndilo magazeti na redio zimelizoesha, sambamba na "msagaji" kwa mwanamke. Wao wenyewe hawakuwa na neno moja. Watu wa heshima zao, wakitaka kujua habari za mtu bila kujichoma, waliuliza kama fulani ni "mpenda muziki". Aliyeelewa alielewa, asiyeelewa alianza kukuelezea piano ya mkewe.

## Mahali walipokutania

5. Kama lilikuwa kosa la jinai, walikutana wapi?

Kila mahali ambapo mtu angeweza kukaa muda mrefu kwa pesa kidogo.

Mfano ninaoupenda ni mgahawa wa Lyons Corner House wa Coventry Street, karibu na Piccadilly Circus. Ulifunguliwa mwaka 1909, wa ghorofa kadhaa, bendi zikipiga, wahudumu wasichana wamevaa gauni jeusi lenye safu ya vifungo vyeupe kifuani. Hapakuwa mahali pa siri hata kidogo. Familia kutoka mashambani zilikula keki pale baada ya kutazama maonyesho. Lakini sehemu moja ya ukumbi ilijulikana na wenyewe kama "Bwawa la Mayungiyungi". Kijana karani au mshonaji angeagiza chai, aivute kwa muda wa saa mbili, huku akitazama nani anaingia. Mezani ya pili yupo mama na watoto wake wanapaka siagi mkate, wala hawajui lolote. Nadhani hapo ndipo mtu wa leo anapokosea akidhani maisha yale yalikuwa ya mapango na giza. Mengi yalifanyika chini ya taa kali, kwenye meza yenye kitambaa cheupe.

Kulikuwa pia na mkahawa wa Black Cat, palepale Old Compton Street, ambako vijana waliojipaka rangi walikaa miaka ya 1920 na 1930 kabla ya kurudi barabarani. Quentin Crisp, aliyefanya kazi ya kuchorwa kwenye vyuo vya sanaa na kupaka nywele zake hina, alikuwa mmoja wao. Kulikuwa na baa ya Fitzroy Tavern, Charlotte Street, ambako mabaharia, wachoraji na waandishi walibanana kaunta moja. Kulikuwa na bafu za mvuke za Kituruki za Jermyn Street zilizokesha wazi, ukilipa unapewa na kitanda. Kulikuwa na kumbi za sinema. Na kulikuwa na Hyde Park, ambako askari wa vikosi vya ulinzi vya kifalme, wenye mshahara mdogo na koti jekundu, walijulikana kukubali kutembea na bwana mwenye pesa.

6. Kwa nini vyoo vya umma na bustani? Si walikuwa na nyumba?

Hili huulizwa kwa sauti ya kushangaa, wakati mwingine ya kudharau, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Wengi wao hawakuwa na nyumba. Fikiria kijana wa miaka 24 aliyetoka Yorkshire kufanya kazi dukani London mwaka 1935. Amepanga chumba kimoja ghorofa ya tatu. Kitanda, beseni, jiko dogo la gesi lenye mita ya kutumbukiza sarafu. Sarafu ikiisha, moto unazimika. Mama mwenye nyumba anaishi chini, anasikia kila ngazi inayolia, na mgeni haruhusiwi kulala. Au analala bweni la wafanyakazi, au bado yuko kwa wazazi, chumba kimoja na kaka zake. Sasa mwambie aende "faragha".

Tajiri alikuwa na fleti yake Mayfair, mlango wake, ufunguo wake, na mtumishi aliyelipwa kutoona. Ndiyo maana rekodi za mahakama za London zimejaa wahudumu wa hoteli, makarani, wanajeshi na wachuuzi, huku mabwana wakionekana mara mojamoja. Si kwamba mabwana hawakuwapo. Polisi waliwapata walioko nje, na walioko nje ni wale wasio na mlango wa kufunga.

Choo cha umma kilikuwa bure, kilikuwa kila mtaa, na mwanaume yeyote alikuwa na sababu halali ya kuingia. Ukiliweka swali la ufunguo kichwani, mengi yaliyobaki kwenye ukurasa huu yanaeleweka, hasa swali la 20.

7. Klabu za wanachama zilikuwaje?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwenye kipato alijiunga na klabu: Rockingham, kwa mfano, au A&B. Tai ilikuwa lazima, mlangoni ukiandika jina, ndani mazungumzo ya sauti ya chini. Wanaume kucheza dansi wawiliwawili, hapana. Mwenye klabu angepoteza leseni ya pombe. Wazee waliozifahamu huzieleza kama mahali pa adabu mno, karibu pa kuchosha. Lakini zilikuwa na mlango.

8. Vita vilibadilisha nini?

Kuanzia Septemba 1939 taa za barabarani London zilizimwa usiku ili ndege za Wajerumani zisione mji. Miaka karibu sita ya giza, jiji limejaa vijana waliovaa sare, mbali na nyumbani, wasiojua kama watafika Jumapili. Utakuwa umeshamaliza hesabu mwenyewe. Walioishi wakati huo wengi walisema baadaye kwamba hawakuwahi kuwa na uhuru kama ule, na kwamba amani ilipokuja ilikuja na polisi wake. Tazama swali la 14.

## Lugha na mavazi

9. Ni kweli walikuwa na lugha yao?

Kweli kabisa. Iliitwa Polari. Haikuwa lugha nzima yenye sarufi yake, ilikuwa maneno mia kadhaa yanayochomekwa ndani ya Kiingereza, yaliyookotwa kutoka Kiitaliano, Kiyidi, lugha ya Waromani, lugha ya wezi, na ya watu wa sarakasi na mabaharia. *Bona* ni nzuri. *Vada* ni tazama. *Omi* ni mwanaume, *palone* ni mwanamke, basi *omi-palone* ni shoga na *palone-omi* ni msagaji. *Nanti* ni hapana, au nyamaza. Polisi aliitwa kwa jina la kike, *Lily Law*, na ukisikia jina hilo baani unabadilisha mazungumzo.

Msomaji aliyekulia Zanzibar au Lamu atacheka akisikia kwamba sehemu ya Polari ni kinyume kama chetu. Sisi tukiwa watoto mbuzi tulimwita *zimbu* ili wakubwa wasitufahamu. Wao walichukua neno la Kiingereza la nywele wakalisoma kutoka nyuma, likawa *riah*. La uso likawa *ecaf*, likafupishwa kuwa *eek*. Kwa hiyo kijana akikaa kwenye basi na mwenzake angesema abiria yule ana *eek* ya *bona*, na kondakta akakata tiketi bila habari.

Kuanzia 1965 hadi 1968 redio ya BBC ilirusha kipindi cha vichekesho cha Round the Horne, chenye wahusika wawili, Julian na Sandy, wakizungumza Polari waziwazi mchana wa Jumapili. Mamilioni walisikiliza wakila chakula cha familia. Lugha ya siri ikishafika hapo, siri imekwisha, na Polari ilififia haraka miaka ya 1970.

10. Barabarani walitambuana vipi?

Kwa macho, zaidi ya yote. Mtu anakutazama sekunde moja zaidi ya desturi, anapita, anasimama kwenye kioo cha duka, anageuka. Mwenzake anaomba kiberiti.

Mavazi yalisaidia pia: viatu vya ngozi laini ya swedi, kwa mfano, vilimtilia mtu shaka miongo mizima. Poda na rangi ya mdomo zilikuwa hatari zaidi, kwa sababu mahakamani ziligeuka ushahidi. Miaka ya 1920 na 1930 polisi waliwapekua vijana mifukoni wakitafuta kitambaa cha poda, na wakati mwingine walimfuta mshukiwa usoni kwa karatasi ya kukaushia wino ili doa la rangi lionyeshwe kwa hakimu. Hebu tafakari kipande hicho cha karatasi kikipitishwa mkono kwa mkono mahakamani.

## Wanawake

11. Kwa nini sheria haikuwagusa wasagaji?

Kuna hadithi maarufu kwamba Malkia Victoria alikataa kuamini wapo. Ni ya uongo, iache. Lililotokea kweli ni hili: mwaka 1921 wabunge walipitisha pendekezo la kuufanya usagaji kuwa kosa, kwa kura 148 dhidi ya 53. Likafika kwa mabwana wa Nyumba ya Malodi, baraza la juu la Bunge, wakalitupa. Hawakulitupa kwa huruma. Hoja yao ilikuwa kwamba wanawake wengi hawajawahi kusikia jambo hilo, na kutunga sheria ni kuwatangazia.

12. Basi wao walikuwa huru?

Huru kutoka jela, ndiyo. Kwingine hapana. Mwanamke aliyegundulika angenyang'anywa watoto kwenye kesi ya talaka, angefukuzwa kazi ya ualimu, angeachishwa jeshini. Mwaka 1928 riwaya ya Radclyffe Hall kuhusu mapenzi ya wanawake ilipigwa marufuku na mahakama ya London, ingawa haikuwa na sentensi hata moja ya kitandani ya maana. Na juu ya yote, mshahara wa mwanamke ulikuwa mdogo kuliko wa mwanaume, kwa hiyo swali la chumba liliwabana zaidi. Faida waliyokuwa nayo ni moja: wanawake wawili wakipanga pamoja, majirani waliona marafiki wanaosaidiana kodi.

Mwaka 1963 Esme Langley na wenzake walianzisha chama cha Minorities Research Group, na mwaka uliofuata jarida lao, Arena Three, likatoka. Mke wa mtu aliyetaka kulipokea ilimbidi alete ruhusa ya mumewe kwa maandishi. Waanzilishi waliogopa kushtakiwa na waume kwa kuvunja ndoa. Wageni wangu wa kike wakifika hapa husimama, wanaguna, tunaendelea.

13. Klabu ya Gateways ilikuwa wapi, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ilikuwa Chelsea, kwenye kona ya King's Road na Bramerton Street. Mlango wa kijani wa kawaida, ngazi zinazoshuka kwa ghafla, halafu chumba kimoja cha chini ya ardhi kisicho na madirisha, kuta zimechorwa picha, moshi wa sigara unaning'inia. Ted Ware aliichukua mwaka 1943. Baadaye mkewe, Gina, akaiendesha pamoja na Mmarekani aliyejulikana kwa jina la Smithy. Ted aliwakaribisha wasagaji, na pia watu weusi, wakati baa nyingi za London hazikuwataka wote wawili. Polepole wanawake wakawa wengi kuliko wageni wengine, na mwaka 1967 ikawa ya wanawake pekee.

Ilitajwa sana kwa sababu ilidumu, na kwa sababu mwaka 1968 sehemu ya filamu ya The Killing of Sister George ilipigwa humohumo, wanachama wenyewe wakicheza dansi mbele ya kamera. Baadhi yao walionekana na wazazi wao kwenye sinema kabla hawajasema neno nyumbani.

## Polisi, mahakama na watishaji

14. Walikamatwa vipi?

Kwa mitego, zaidi. Askari kanzu, mara nyingi vijana waliochaguliwa kwa sura, walisimama vyooni wakisubiri kutongozwa, na wengine hawakusubiri, walianza wao. Mashoga waliwaita "polisi warembo". Shahidi alikuwa askari, na mara nyingi askari mwenzake. Mshtakiwa alikubali kosa haraka ili jina lake lisitoke gazetini.

Mwigizaji John Gielgud alipewa heshima ya "Sir" katikati ya mwaka 1953. Oktoba mwaka huohuo akakamatwa kwenye choo cha Chelsea. Kituoni alijitambulisha kama karani. Asubuhi hakimu akamtoza faini ya pauni 10 na kumshauri amwone daktari wake, na ingeishia hapo kama mwandishi wa habari asingekuwapo. Jioni jina lilikuwa ukurasa wa mbele. Siku chache baadaye alipaswa kupanda jukwaani Liverpool, akaganda nyuma ya pazia. Alipotokea, ukumbi ukampigia makofi.

Mwishoni mwa mwaka 1954 zaidi ya wanaume 1,000 walikuwa magerezani England na Wales kwa makosa haya. Hao hawakupigiwa makofi.

15. Uvamizi wa klabu ulikwendaje?

Mfano unaojulikana vizuri ni Caravan Club ya Endell Street, iliyofunguliwa Julai 1934. Chumba cha chini, vitambaa ukutani kama hema, mazulia, dansi. Aliyeiendesha, Jack Neave, aliitwa "Jack wa mguu wa chuma" kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi na ulivalishwa chuma. Polisi waliivizia wiki kadhaa, wakituma askari kanzu ndani kunywa na kuandika nani amecheza na nani. Agosti 25 wakavamia wakakamata watu 103, wanaume kwa wanawake. Wengi waliachiwa baadaye. Neave alifungwa. Klabu iliishi wiki sita hivi.

16. Kitu gani kiliwatisha zaidi, jela?

Wengi walimwogopa mtishaji kuliko hakimu. Mtu unakutana naye usiku, asubuhi anarudi mlangoni anataka pauni 5 la sivyo anakwenda kwa mwajiri wako. Ukimripoti, unajishtaki. Wiki ijayo anataka 10. Wanasheria wenyewe walikiita kifungu cha 1885 "hati ya watishaji". Mwaka 1961 filamu ya Victim, Dirk Bogarde akiwa mwanasheria anayeandamwa na genge la namna hiyo, ilionyesha Waingereza wa kawaida jinsi biashara hiyo inavyokwenda.

Baada ya mtishaji alikuja jirani, halafu gazeti la Jumapili. Jela ilikuwa ya mwisho kwenye foleni.

17. Kesi ya Lord Montagu ilikuwa nini?

Machi 1954, mjini Winchester, walishtakiwa Lord Montagu wa Beaulieu, binamu yake Michael Pitt-Rivers, na Peter Wildeblood, mwandishi wa Daily Mail. Mashahidi wakuu walikuwa askari wawili wa jeshi la anga waliohakikishiwa kwamba wao hawatashtakiwa. Montagu alipata miezi 12, wenzake 18. Umati ulikuwa nje. Ilitarajiwa utawazomea wafungwa. Uliwazomea mashahidi. Mimi naamini siku ile, kabla ya hotuba yoyote bungeni, sheria ilianza kuchoka.

Wildeblood alikiri kizimbani kwamba ni shoga, jambo ambalo karibu hakuna mtu mwenye jina aliyelifanya kabla yake, na alipotoka akaandika kitabu.

18. Je, walilazimishwa kutibiwa?

Wengine, ndiyo: mahakama ilimpa mtu kuchagua kati ya jela na "tiba". Mwanahisabati Alan Turing, aliyesaidia kuvunja mafumbo ya Wajerumani vitani, alihukumiwa Knutsford, karibu na Manchester, mwaka 1952 akachagua dawa za homoni za kike. Alifariki Juni 1954, akiwa na miaka 41. Picha yake leo iko kwenye noti ya pauni 50.

## Sheria ilivyobadilika

19. Kamati ya Wolfenden ilisema nini, na kwa nini ilichukua miaka 10?

Kamati iliundwa mwaka 1954, mwenyekiti John Wolfenden, kuchunguza mambo mawili kwa pamoja: ushoga na ukahaba. Ili makarani wa kike wasione haya, ndani ya ofisi waliyaita mambo hayo Huntley na Palmer, majina ya kampuni ya biskuti. Walikaa siku 62. Waliosimama mbele yao wakisema waziwazi "mimi ni shoga" walikuwa watatu: Wildeblood, Carl Winter aliyesimamia makumbusho Cambridge, na daktari wa macho Patrick Trevor-Roper. Wote watu wenye ufunguo, ukinielewa.

Ripoti ilitoka Septemba 1957: tendo la hiari, faraghani, baina ya wanaume waliotimiza miaka 21, lisiwe kosa. Serikali ilichukua nusu ya Palmer upesi ikatunga sheria dhidi ya makahaba mwaka 1959. Nusu ya Huntley ikawekwa kabatini.

Kilichoitoa kabatini ni uvumilivu. Machi 1958 gazeti la The Times lilichapisha barua ya kuunga mkono ripoti, waziri mkuu wa zamani Clement Attlee na mwanafalsafa Bertrand Russell wakiwamo kati ya waliotia saini. Chama cha kudai marekebisho kikafuata. Bungeni kazi ilibebwa na mbunge Leo Abse na Lord Arran. (Arran huyo baadaye alipigania pia mswada wa kuwalinda wanyama waitwao melesi. Inasimuliwa aliulizwa mbona ule wa ushoga ulijaza ukumbi kuliko huu, akajibu kwamba hapakuwa na melesi wengi kati ya malodi.) Kura ya mwisho ya wabunge ilikuwa 99 dhidi ya 14.

20. Kwa hiyo baada ya 1967 wote walikuwa huru?

Rudi kwenye swali la 6. Sheria ilisema miaka 21 na "faragha", na faragha ilivunjika wakiwapo zaidi ya watu wawili. Choo cha umma kilitajwa kwa jina kuwa si faragha. Mwenye fleti na ufunguo alipata uhuru siku ileile. Kijana wa chumba cha kupanga, mwanajeshi na baharia wa meli za biashara walibaki walipokuwa. Kukamatwa kwa makosa ya hadharani hakukupungua, kuliongezeka miaka iliyofuata. Umri ulishushwa hadi 18 mwaka 1994 na 16 mwaka 2001. Wanajeshi walisubiri hadi 2000. Kifungu cha "uchafu uliokithiri" kilifutwa kabisa na sheria ya 2003.

## Maswali ya pembeni

21. Wakiwa watatu ndani ya nyumba, wote wameridhia?

Kosa. Mwaka 1998, miaka 31 baada ya "kuhalalishwa", wanaume saba wa Bolton walitiwa hatiani, kiini kikiwa hichohicho cha idadi ya watu chumbani. Walikuwa wamejirekodi kwa video yao wenyewe.

22. Kutangaza gazetini unatafuta mwenzi kuliruhusiwa?

Hapana, na hili huwashangaza hata Waingereza. Mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa ilithibitisha hatia ya wachapishaji wa International Times kwa matangazo ya wanaume wanaotafuta wanaume. Tendo si kosa, walisema majaji, ila kuwasaidia watu wakutane ni njama ya kuharibu maadili ya umma. Uruhusiwe kula, usioneshwe hoteli ilipo.

23. Sheria za kwetu zinahusianaje na hizi?

Kwa damu. Waingereza waliandika makosa haya kwenye kanuni ya adhabu ya India ya 1860, kifungu cha 377, na kanuni hiyo ikavuka bahari hadi Afrika Mashariki. Mwaka 1930 Kenya na Tanganyika zilipewa kanuni mpya, za mtindo wa ile ya Queensland, Australia. Vifungu vya 162 na 165 vya Kenya na cha 154 cha Tanzania vimetokana na hizo. Cha 165 ni kile cha Labouchere kilichobadilishwa koti. London ilifuta chake, mjukuu akabaki. India iliondoa ushoga kwenye 377 mwaka 2018, na Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kufuta vyake Mei 2019. Tanzania Bara iliongeza adhabu mwaka 1998.

24. Waliofungwa walisamehewa?

Turing alisamehewa mwaka 2013. Mwaka 2017 msamaha ulitolewa kwa jumla kwa waliokwisha kufa. Aliye hai lazima aombe kwanza rekodi yake ifutwe. Wapo wazee waliokataa kuomba: msamaha, walisema, ni wa aliyekosa.

25. Naweza kuona nini leo?

Mgahawa wa Lyons haupo tena. Gateways ilifungwa mwaka 1985. Kona ya Bramerton Street ipo. Anayetaka kuona zaidi nampeleka Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambako mafaili ya polisi kuhusu Caravan Club yametunzwa: ramani ya chumba, orodha ya waliokamatwa, maelezo ya askari juu ya nani alimkalia nani mapajani. Polisi walioivunja ndio walioiandika kwa uangalifu kuliko yeyote. Kadi ya msomaji ni bure, beba kitambulisho na kitu chenye anwani yako. Kalamu ya wino hairuhusiwi ndani, nenda na penseli.